Mkono wa Mtunga Mapigo

Kwako Kaka,

Pokea salamu zetu, na kabla hujauliza, huku hatujambo. Mama hajambo isipokuwa magoti, na magoti yake, kama unavyojua, yana malalamiko yao wenyewe. Mimi sijambo. Cherehani nayo haijambo. Wewe ndiye tusiyejua umeamkaje, na ndiyo sababu nimeshika kalamu kama watu wa zamani, maana simu yako ukiipiga ni sawa na kupiga jiwe. Nilifika kwako Jumamosi. Mama mwenye nyumba wako alikuwa anaanika mashuka, akaniambia kuwa upo, unatoka kununua mkate na kurudi, na umemwomba asimpandishe mtu yeyote. Nikamwambia mimi ni ndugu yako wa tumbo moja. Akanikagua uso, akasema hilo analiona, pua haidanganyi, lakini neno la mpangaji ni neno la mpangaji. Nilimpenda. Tukabishana kidogo, tukaafikiana kwamba barua si mtu, kwa hiyo barua inaweza kupanda ngazi. Natumaini imekukuta umekula.

Jambo moja nikuambie mapema usije ukajikwaa nalo njiani. Mama anajua kwamba kazi ya bima uliiacha zamani. Kaa kwanza. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja pindo la pazia la zahanati, akalimaliza pindo lile mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza kama unapata usingizi. Mengine yote nimemweleza, na amenitaka nimsomee barua hii kabla sijaifunga. Kwa hiyo ukiniona nafafanua mambo unayoyajua kunishinda, usidhani nimesahau naongea na nani. Nafafanua kwa ajili ya aliyekaa kando yangu na pini mdomoni.

Basi mchezo wenyewe, kwa faida ya Mama, ni huu. Kuna mazimwi. Kila mchezaji anaingia na mazimwi watatu, anamtoa mmoja, mwenzake anamtoa mmoja, wanapigana kwa zamu mpaka upande mmoja usibakiwe na zimwi mwenye damu. Zimwi anaweza kujifunza mapigo hata hamsini, lakini uwanjani anabeba manne tu, na mpinzani hayaoni mpaka yatumike. Anayekaa akachagua manne kati ya hamsini ni mtunga mapigo. Anayebonyeza vitufe ni mchezaji. Watu humshangilia mchezaji. Mtunga mapigo hatangazwi jina, timu zinamficha wengine wasije wakamwiba. Mama amesema hapo kwamba hilo halihitaji kufafanuliwa: watu husifu pazia na mwenye sebule, aliyelikata hakuna anayemuulizia.

Mama anakumbuka tulivyokuwa tukicheza chini ya meza yake ya kukatia, vitambaa vikining'inia pande zote kama hema, tuna mashine moja yenye kitufe kilichokufa. Wewe ulitunga, mimi nilibonyeza. Alidhani tunacheza tu. Kumbe tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona kama mawakili. Baba alipofariki, Baba Mdogo akakutafutia nafasi kwenye kampuni ya bima, ukamwahidi Mama kwamba mambo ya kitoto umeyaacha, ukahama mji. Kila ulipopiga simu ulizungumzia bima, na Mama akawa anawaeleza wateja wake tofauti ya bima ya moto na bima ya mafuriko. Mimi sikuwa nimeahidi mtu kitu. Mchana nilitia lenzi kwenye fremu kwa fundi miwani, jioni nilitunga, na mwishowe nikapata mchezaji.

Mchezaji wangu anaitwa Mzito. Ni mwembamba kama ufito. Jina alilipata kwa sababu habonyezi kitu mpaka saa ya zamu yake ikaribie kwisha, na hata hapo anabonyeza kama mtu anayegusa maji kuona kama yamechemka. Mchezaji wa timu yenu, Sekunde, unamjua. Fainali ya Mzito na Sekunde ilikuwa inachekesha kabla hata haijaanza. Mtangazaji alisema mmoja atazeeka akimsubiri mwenzake.

Fainali unaijua, ila unaijua kutoka chumba cha nyuma wanakofichwa watunga mapigo, kupitia kioo cha televisheni. Acha nikueleze ilivyokuwa mbele. Ukumbi ulikuwa umetoka kufanyiwa maonyesho ya mazulia, bado ulinuka gundi na sufu mpya, na nyaya zilikuwa zimebandikwa sakafuni kwa utepe mweusi kila mtu akijikwaa palepale. Timu yetu haina fedha ya chumba. Nilikaa nyuma ya Mzito kwenye kiti cha plastiki, mbele ya macho ya watu wote. Kanuni zinaruhusu mtunga mapigo kusema na mchezaji wake wakati wa mapumziko tu, na mapigo yakishasajiliwa hayabadilishwi mpaka fainali iishe. Anayeshinda michezo miwili kati ya mitatu ndiye bingwa.

Mchezo wa kwanza mlitufuta. Mlianza na Popo Radi. Mama, huyo ni zimwi mwenye kasi kuliko wote, na kila mtunga mapigo mwenye akili timamu humpa mapigo manne ya kushambulia, apige haraka na afe haraka. Popo wenu alipiga mara mbili, akamwacha zimwi wetu taabani, halafu badala ya kummaliza akafanya Kafara. Kafara ni pigo ambalo zimwi anatoa nusu ya damu yake mwenyewe, na atakayeingia baada yake anaingia akiwa mzima na mwenye nguvu zaidi. Watu humpa Kafara zimwi mzito, mwenye damu nyingi ya kugawa. Ukumbi mzima ulicheka, wakadhani Sekunde amebonyeza kitufe kisicho chake. Kisha akaingia Kobe Chuma, mzima, ana nguvu mara mbili, na sisi tukawa unga.

Mimi sikucheka. Chini ya meza ile ulinipigia kelele kwa kunong'ona juu ya jambo hilihili. Nilikuambia ni upumbavu kumpa popo Kafara, atakufa. Ukaniambia kwamba anayekimbia kuliko wote ndiye anayewahi kusaidia, mzito akifika wenzake wameshazikwa. Ulikuwa na miaka kumi na minne na ulikuwa umefunga kitambaa cha pazia kichwani. Sijawahi kukutana na mtu mwingine duniani anayefikiri hivyo, na nimesoma mapigo ya watu wengi.

Kwa hiyo wakati wa mapumziko nilikuwa nimeshajua mambo mawili. La kwanza, kwamba huko bima haupo. La pili, kwamba nawajua mazimwi wenu, hata kwa mapigo ambayo hawajayatumia. Nilijua Konokono Ukungu hatakuwa na sumu, ingawa konokono wote wa mashindano wana sumu. Wewe sumu huipendi, unasema ni ushindi wa mtu mvivu. Atakuwa na Kioo: anajilaza, na anayempiga anarudishiwa pigo lake mara mbili. Nilijua pia Kobe Chuma, ambaye kila mtu anamtumia kama ukuta, atakuwa ameficha Kichwa Ghafla, pigo dogo lakini linalotangulia yote, kwa sababu hujawahi kumwacha mtu yeyote akae nyuma bila njia ya kujitetea.

Kulikuwa na jambo la tatu. Kanuni inasema ukigundua una ndugu upande wa pili, unyooshe mkono na kumwambia mwamuzi kabla mchezo haujaendelea. Mwamuzi alikuwa karibu kiasi kwamba niliona kifungo cha shati lake kinachotaka kudondoka. Sikunyoosha mkono. Nimejiuliza kwa nini. Sikuwaza kombe. Nilitaka kuona kama bado nakujua. Nikainama kwenye sikio la Mzito, nikamwambia: konokono akilala usimpige kwa nguvu, na mtu wetu akibaki na damu kidogo usimwache mbele ya kobe. Mzito akauliza nimejuaje. Nikasema nimehisi. Akanywa maji yake ya moto, akafikiri mpaka kengele ikalia, akasema sawa.

Yaliyofuata uliyaona. Mchezo wa pili konokono alilala, ukumbi ukangoja tumshushie pigo zito, Mzito akampiga kwa pigo hafifu kuliko yote tuliyokuwa nayo. Watu walizomea. Kioo kikainuka, kikarudisha kitu kama kofi la mtoto. Kuzomea kukakatika ghafla kama redio iliyozimwa umeme. Mchezo wa tatu, tulibakiwa na mazimwi wawili, aliyekuwa uwanjani ana damu ya kubahatisha, yuko mbele ya kobe ambaye hakuwa amepiga pigo hata moja la haraka siku nzima. Mtu yeyote angeshambulia. Mzito akamwondoa, akamwingiza mwenzake. Kichwa Ghafla kikampata aliyeingia, ambaye alikuwa mzima, kikamkwaruza tu. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba Mzito anacheza kama mtu mwenye karatasi ya majibu. Alisema kwa mzaha. Tukashinda.

Ya baadaye nimeyapata kwa vipande, kwa hiyo nikikosea utanisahihisha. Meneja wenu aliwasilisha malalamiko kwa kamati ya mashindano kwamba mapigo yao yameuzwa. Hoja yake haikuwa ya kijinga, nakubali: mapigo mawili ambayo hayajawahi kuonekana uwanjani, yote mawili yakakwepwa. Mapigo yale yalijulikana kwa watu watatu tu, yeye, Sekunde na wewe. Alikuweka kitako akakuuliza ulimwuzia nani. Ukanyamaza. Akakuuliza tena mbele ya timu nzima. Ukasema huna la kusema. Akakufukuza, na kufikia jioni ile kila anayecheza mchezo huu alikuwa ameshasikia kwamba kuna mtunga mapigo aliyeuza wenzake, na kwamba hata kukanusha hakukanusha.

Mimi nilisikia dukani, kwa kijana aliyekuja kubadilisha skrubu ya miwani. Aliisimulia kama kichekesho. Nilimfungia skrubu ile vibaya, ikabidi arudi.

Nilingoja uongee. Neno moja lingekutosha: yule aliyekaa nyuma ya Mzito ni mdogo wangu, tumekua pamoja, ananisoma. Wangekuelewa hata kama wasingeamini. Lakini hukulisema, na siku zikapita, ukazima na simu. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya Mama, kwamba unaogopa uongo wa bima usifichuke. Halafu, niko pale kwenye mashine ya kusugulia lenzi, ndipo ikaniingia. Ungesema mimi ni mdogo wako, swali linalofuata si lako tena, ni langu. Wangeniuliza kwa nini sikunyoosha mkono. Uliniona kwenye televisheni ya chumba cha nyuma, ukaelewa nilichofanya hata kabla sijamaliza kukifanya, ukaamua kufunga mdomo.

Nilizima mashine. Fundi miwani akauliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, naomba ruhusa ya kutoka mapema.

Nilikwenda kwanza kwa Mzito, kwa kuwa kombe ni lake na niliona anastahili kusikia kutoka kwangu kabla ya kusikia mtaani. Nilimweleza yote, wewe ni nani, nilijuaje, na kwamba nikienda kamati huenda wakalichukua kombe. Alifikiri. Unajua anavyofikiri, nilimaliza chai, nikaosha kikombe, nikakifuta. Mwishowe akasema kombe amelipandisha juu ya friji na tangu siku ile mlango wa kabati hapo juu haufunguki vizuri. Akasema niende. Nilipofika mlangoni akaniita, akaniuliza, “Kwa hiyo ulisema umehisi, kumbe ulikuwa unajua?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Siku nyingine niambie unajua. Ningecheza haraka zaidi.” Sidhani kama ni kweli.

Ofisi ya kamati iko ghorofani juu ya duka la matairi. Kila kitu mle ndani kinanuka mpira, hadi makaratasi. Mwenyekiti ni mama wa makamo aliyekuwa bingwa zamani, enzi ambazo mashine mbili ziliunganishwa kwa waya. Vidole vyake siku hizi havikunjiki vizuri, na anashika kalamu kama mtu anayeshika kijiko cha moto. Meneja wenu aliitwa, akaja na koti na hasira. Nikasema niliyokuja kusema. Sikuongeza chumvi. Nikasema tulikua chini ya meza moja, nilitambua mkono wa kaka yangu kwa Kafara ya popo, nikakisia yaliyobaki, na sikunyoosha mkono ingawa kanuni niliijua.

Meneja alisema ni hadithi nzuri. Akasema nimekuja kumwosha ndugu yangu kwa sabuni ya uongo. Mtu hatambulikani kwa mapigo manne, alisema, mapigo ni hesabu, na hesabu haina sura. Hata mama aliyemzaa hawezi. Mama amecheka hapa, Kaka, hadi pini moja imeanguka. Anasema angeweza.

Mwenyekiti hakucheka wala hakukasirika. Aliwaambia wasaidizi wake watoe kwenye faili mazimwi wa misimu iliyopita, wa timu mbalimbali, wafute majina, waonyeshe ukutani mmoja mmoja, kila mmoja na mapigo yake manne. Akaniambia, “Binti, hapa wapo wa kaka yako na wapo wa watu wengine. Nitolee wa kaka yako.” Akamgeukia meneja, akamuuliza kama ameridhika na jaribio hilo. Meneja akasema ameridhika, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda.

Walipoanza kupita nilitulia. Nilifanya kama ninavyofanya dukani mtu akileta miwani ya marehemu babu yake, nachungulia kwanza yule aliyevaa alikuwa anaona nini. Wa kwanza hakuwa wako; aliyemtunga anaogopa kupoteza zimwi, amejaza mapigo ya kukimbia. Wa pili hakuwa wako pia, ni wa mtu anayetaka kusifiwa. Wa tatu nikasema ni wako, na Mwenyekiti akaweka alama bila kuinua uso. Wakapita wengine nikiwakataa. Akaja mwingine nikasema huyu ni wake, lakini alimtunga akiwa na haraka au ana homa, pigo la pili si la kawaida yake. Msaidizi mmoja aliyeshika faili alikohoa. Baadaye nikaambiwa tarehe ya usajili ilikuwa juma lile ulipolazwa. Hata hukutuambia kama ulilazwa.

Wa mwisho alikuwa Bundi Majivu. Ana mapigo mawili ya kushambulia, moja la kumwamsha mwenzake aliyezimia, na moja la kusubiri. Nikasema ni wako. Mwenyekiti akauliza kama nina hakika. Nikasema wengine ningeweza kubahatisha, lakini huyu ningeapa. Nikamweleza kwa nini: bundi wa watu huwinda, huyu analinda, angalia pigo la kusubiri limewekwa la mwisho, mtu aliyemtunga hajali bundi ashinde lini, anajali nani atakuwa bado amesimama. Niliongea kirefu, Kaka. Sidhani kama nimewahi kuongea kirefu hivyo juu ya kitu chochote mbele ya watu.

Meneja wenu akatabasamu. Akasema huyo si wake. Amekaa na wewe misimu yote hiyo na bundi huyo hajapita mikononi mwake.

Chini mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo. Mwenyekiti akaigeuza karatasi yake na kuisukuma mezani kwa upande wa kiganja, kwa vile vidole vinamsumbua, ili niisome mwenyewe. Palikuwa na jina la timu yetu. Bundi Majivu alikuwa wangu. Nilimtunga kwa ajili ya Mzito msimu wetu wa kwanza, tukatolewa raundi ya mwanzo, nikamtupa na sikumfikiria tena.

Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza, mengine yote yalikuwa njia ya kufikia hapa. Kwa miaka yote hii nimejisemea kwamba nilichukua mashine yetu yenye kitufe kilichokufa nikajifundisha mwenyewe. Ulipoondoka ukaniacha na meza, nilikasirika, nikaapa nitatunga kwa akili yangu, nisikuige kwa lolote. Nilidhani nimefaulu. Nikawekewa kazi yangu ukutani, sikuijua. Nikaiita yako, tena nikaapa. Sikulia. Nilihisi kama mtu aliyepita dirishani, akaona mtu ndani, akampungia mkono, kumbe ni kioo.

Meneja akasema basi, nimeshindwa jaribio, faili lifungwe. Mwenyekiti akasema hapana. Alisema, na namnukuu kwa sababu niliyaandika nje nikiwa bado kwenye ngazi: “Aliyekuja na majibu mfukoni asingekosa la kwake mwenyewe.” Kisha akasema, polepole, kwamba yeye alifundishwa mchezo na kaka yake pia.

Uamuzi wao ni huu. Wewe huna kosa, na tangazo limetoka kwa jina lako kamili. Ungewasha simu ungelijua. Kombe linabaki juu ya friji ya Mzito, kwa kuwa yeye hakujua chochote. Mimi nimefungiwa msimu mzima kwa kutonyoosha mkono. Niliona ni haki, nikawashukuru, nikashuka ngazi. Mwenye duka la matairi akaniuliza kama nahitaji tairi.

Meneja wenu alikuja dukani siku mbili baadaye. Kuomba radhi ni kazi ngumu kwa mtu wa koti. Alijaribu fremu kadhaa kwanza, ingawa macho yake ni mazima kabisa, na moja ilimpendeza. Hatimaye akaniomba nikufikishie kwamba nafasi yako ipo, na kwamba atasema mbele ya timu nzima kama alivyokutuhumu mbele ya timu nzima. Nikamwambia nitakufikishia. Nimekufikishia. Kurudi au kutorudi ni shauri lako, mimi simo.

Nina neno moja la lawama, nalo ni hili. Uliamua kuumia kwa niaba yangu bila kuniuliza. Najua ndivyo ulivyo, naweza kukutolea ushahidi ukutani. Lakini mimi si wa kuingia baada yako nikiwa mzima. Nilikosa, nimelipa, nimemaliza, na sijafa. Siku nyingine kosa langu niachie mwenyewe.

Nilipofika hapo nilisita kusoma, nikadhani Mama atanikemea kwa kukusema hivyo, wewe mkubwa wangu. Hakunikemea. Alitema pini zote kwenye kiganja, akaniuliza kati ya popo wako na bundi wangu nani aliyetungwa vizuri zaidi. Nikamwambia Mama, bundi alishindwa raundi ya kwanza. Akasema hakuniuliza hilo.

Nimefikiri sana. Nimemwahidi nitakuuliza wewe. Tafadhali jibu kwa barua ukitaka, au washa simu, au shuka ngazi uje ujibu mwenyewe, maana ameshaanza kuuliza konokono anakula nini na mimi peke yangu simuwezi.

Mama anakusalimu sana na kukuombea heri. Mzito anakusalimu, nimengoja siku nzima anipe salamu zenyewe. Msalimie mama mwenye nyumba, umwambie barua aliyoiruhusu ilikuwa na adabu ngazini. Nakuaga kwa leo, nikikutakia siha njema na usingizi wa kutosha.

Ni mimi, mdogo wako,
wa chini ya meza.